Michoro ya PDP-8: mistari inayokatika, volti hasi na karatasi zisizokubaliana

*"Nafundisha elektroniki katika chuo cha ufundi. Nilitaka wanafunzi waone kompyuta ambayo haijafichwa ndani ya chipu, nikashusha skani za michoro ya kihandisi ya PDP-8 ya mwaka 1965, kutoka makumbusho ya kompyuta ya Marekani. Tumekwama karatasi ya kwanza. Mistari inatoka kwenye kijisanduku na kuishia hewani. Kuna almasi ndogo kila mahali, nyingine tupu, nyingine zimejazwa wino. Volti zimeandikwa −3 na −15. Pini moja tumeisoma G, lakini kwenye orodha ya pini hakuna G. Baya zaidi, karatasi mbili zenye namba ileile hazikubaliani. Je, skani zimeharibika? Nikiwaomba makumbusho mchoro wa asili, si nitapata ulio sahihi? Na tunaweza kuijenga mashine hii kwa kufuata michoro?"*

Mwalimu, umeuliza kama karatasi ni mbovu, kama makumbusho wana nyingine iliyo bora, na kama mashine inajengeka. Karatasi si mbovu. Katika yote uliyoyataja, kosa la kweli ni hiyo G peke yake, na ni kosa la macho. Mchoro mmoja "sahihi" unaodhani umefungiwa kabatini huko Marekani haupo. Kujenga kunawezekana, ila nitakushauri mjenge kitu kidogo kuliko mnavyofikiria, na kwa michoro ya mashine nyingine ya ukoo huohuo.

Kwanza tujue michoro hii inachora nini. PDP-8 ilitengenezwa na DEC (Digital Equipment Corporation), kampuni ya kompyuta iliyoanzishwa mwaka 1957 na Ken Olsen na Harlan Anderson ndani ya kiwanda kikuukuu cha sufu mjini Maynard, Massachusetts. Iliuzwa dola 18,000, bei ndogo mno kwa kompyuta ya siku zile. Ndani yake hamna chipu ya prosesa. Intel ilitoa 4004, chipu yake ya kwanza ya prosesa, mwaka 1971. Prosesa ya PDP-8 imetawanyika kwenye kadi nyingi ndogo zinazochomekwa kwenye soketi, kila kadi na mpini wa plastiki ambao rangi yake inataja ukoo wake: R mwekundu, B wa bluu, na kadhalika. Wanafunzi wako wakiitafuta prosesa kwenye karatasi hawataipata, kwa sababu seti nzima ya karatasi ndiyo prosesa.

Kwa hiyo kijisanduku chenye maandishi R111 msikichukulie kama kijenzi kimoja cha kununua dukani. Ni lango, yaani sakiti ndogo inayofanya uamuzi mmoja wa mantiki, lililomo ndani ya kadi, na kadi hiyo ina mchoro wake mwenyewe mahali pengine. DEC walipanga michoro kwa ngazi, na herufi mbili ndani ya namba ya mchoro zinakueleza uko ngazi gani. BS ni mchoro wa mantiki, huo uliowakwamisha. CS ni sakiti yenyewe, na humo ndimo mtakapoziona transista, diodi na rezista. MU inaonyesha kadi ipi inakaa soketi ipi, na WL ni orodha ya nyaya. Herufi moja inayosimama peke yake, kuanzia A hadi E, ni ukubwa wa karatasi. Mpangilio wa herufi hizi ulibadilika, basi msishtuke kuona BS-D hapa na D-BS pale. D ni inchi 22 kwa 34, karibu sawa na A1. Kuichapisha kwenye A4 ni kujitesa. Pelekeni faili kwa wanaochapisha ramani za majengo, waitoe A1, muitandaze mezani muizunguke.

Sasa mistari inayoishia hewani. Mwishoni mwa kila mstari kuna jina, na jina ndilo waya. Ishara inayotoka karatasi hii ikiitwa jina fulani ndiyo hiyohiyo inayoingia karatasi nyingine kwa jina hilo, kama barua inavyomfikia mtu kwa sanduku la posta bila mwandishi kujua nyumba yake iko mtaa gani. Mchoraji angejaribu kuunganisha kila kitu kwa mstari, karatasi ingekuwa nyavu. Nyaya halisi zilipita upande wa nyuma wa soketi, zikizungushwa kwenye pini bila kuchomelewa kwa risasi. Kazi hiyo ilifanywa na mashine za Gardner-Denver zilizoongozwa na kadi zenye matundu, na hiyo ni sababu moja iliyoiwezesha DEC kuuza kwa bei ile. Hapo mnaona uzito wa WL: mchoro wa mantiki ulikuwa wa kusomwa na binadamu, orodha ya nyaya ilikuwa ya kufuatwa kiwandani. Vikibishana, na vyote viwili ni vya toleo moja, mimi naiamini orodha.

Volti hasi zinahitaji uvumilivu kidogo, kwa sababu ndizo zinazowafanya watu wa kizazi chetu, tuliolelewa na volti 5 chanya, tudhani mchoro umekosewa. Waanzilishi wa DEC walitoka Lincoln Laboratory ya MIT, ambako kompyuta ya TX-0 ilijengwa katikati ya miaka ya 1950 kwa transista za Philco. Transista za kasi zilizopatikana wakati ule zilikuwa za germani, aina ya pnp, na pnp hupenda umeme hasi kwenye kolekta, mmoja wa miguu mitatu ya transista pamoja na emita na besi. Desturi ya kutumia athi, yaani volti sifuri, na −3 kama hali mbili za mantiki ikazaliwa hapo, DEC wakaibeba, na kadi za R zikairithi.

Fungueni mchoro wa CS wa R111 mfuate transista moja. Emita imefungwa kwenye athi. Kolekta inavutwa na rezista kuelekea −15, lakini diodi inaizuia isishuke chini ya −3. Transista ikiwa imelala, tokeo linakaa −3. Besi ikivutwa upande hasi, transista inaamka na kulipandisha tokeo hadi athi. Ile +10 mtakayoiona pembeni kazi yake ni kuisukuma besi upande chanya ili transista ilale usingizi kamili. Basi −15 na +10 ni chakula cha kadi. Lugha ambayo kadi zinazungumza ni sifuri na −3.

Mkishaelewa hilo, almasi zinajieleza. Almasi iliyojazwa inasema: ishara hii ni kweli ikiwa −3. Almasi tupu inasema: ishara hii ni kweli ikiwa kwenye athi. Tazameni lango lenye almasi mbili zilizojazwa upande wa kuingilia na almasi tupu kwenye tokeo. Linasomeka: zote mbili zikiwa −3, tokeo linakuwa athi. Hiyo ni "na". Karatasi nyingine mtaikuta R111 ileile ina almasi tupu kwenye maingizo na iliyojazwa kwenye tokeo: yoyote kati ya mbili ikiwa athi, tokeo ni −3. Hiyo ni "au". Kadi haijabadilika hata rezista moja. Kilichobadilika ni kile mhandisi alichokuwa akikifikiria mahali pale, na mchoraji akakichora kama kilivyofikiriwa. Binafsi naona huu ni uandishi bora kuliko michoro mingi ya leo, ambapo alama ya NAND (lango la "na" lenye jibu lililogeuzwa) inabaki NAND hata pale ambapo akili inayoisoma inahitaji "au".

Vile vishale kwenye baadhi ya maingizo ni vya mapigo, yaani umeme unaopanda au kushuka kwa muda mfupi sana na kurudi. Hapa kuna mtego. Kadi ya flipuflopu, yaani sakiti inayokumbuka biti moja, kama R202 ina malango ya diodi, kapasita na diodi, ambamo ishara ya kawaida inatayarisha kapasita kwanza, kisha pigo likifika ndipo flipuflopu inageuka, ikiwa tu kapasita ilikuwa imeshatayarishwa. Kwa hiyo lango linakumbuka kilichokuwapo kitambo kidogo kabla ya pigo. Mwanafunzi hodari ataona R202 aseme "tuweke 7474 hapa", yaani chipu ya kisasa ya flipuflopu. Asiruhusiwe kirahisi. Mwambie kwanza aeleze kapasita ile inafanya nini, na kwenye 7474 kazi hiyo itafanywa na nani.

G yenu ni C. Kadi hizi zina pini 18, na herufi zake zinaanzia A hadi V zikiruka G, I, O na Q, kwa sababu hizo nne huchanganywa na herufi au tarakimu nyingine. Waliopanga hivyo walijua karatasi zitafifia. Basi mna kipimo cha bure: mkisoma mojawapo ya herufi hizo nne kwenye pini, mmesoma vibaya. Na C si pini ya kubahatisha. Kwenye kadi za R, A ni +10, B ni −15, C ni athi.

Jambo lingine hamjaliuliza, lakini litawakuta wiki ijayo: DEC walihesabu biti kutoka kushoto. Kwenye PDP-8 biti 0 ndiyo nzito kuliko zote na biti 11 ndiyo nyepesi. Mkisoma kinyume, kijumlishi kitaonekana kupeleka hesabu upande usio wake.

Nije kwenye karatasi mbili zenye namba moja. Tazameni kisanduku cha maelezo, kwa kawaida kona ya chini kulia, mtafute herufi ya toleo. Namba ya mchoro ni jina la ukoo. Herufi ya toleo ndiyo inayowatofautisha ndugu. Mashine iliendelea kurekebishwa baada ya kuanza kuuzwa. Kasoro ikigunduliwa, ilitolewa amri ya mabadiliko, mchoro ukasahihishwa na kupewa herufi mpya, na mafundi wakazifuata mashine kwa wateja wakaongeze waya au wauondoe. Zaidi ya hapo, wateja hawakununua vitu sawa. Kuna aliyeongeza kitengo cha hesabu cha 182 na kuna aliyepanua kumbukumbu kwa kitengo cha 183, na vyote viwili viliingilia nyaya za mashine ya msingi.

Seti ya michoro ilisafiri pamoja na mashine na kukaa nayo. Seti iliyofika makumbusho, mara nyingi, ni ya mashine moja mahususi pamoja na historia yake, hata alama za penseli za fundi asiyejulikana. Alama hizo msizichukulie kama uchafu wa skani. Zinaweza kuwa ndizo zinazosema ukweli wa mashine ile. Kwa hiyo swali "karatasi ipi ni sahihi?" ligeuzeni: sahihi kwa mashine ipi, mwezi upi? Chagueni seti moja, andikeni herufi za matoleo yake, na msichanganye na karatasi za seti nyingine hata zikionekana safi zaidi.

Ndiyo maana kuomba "mchoro wa asili" hakutawapa mnachotarajia. Wengi hudhani michoro ya asili ni ile ya bluu yenye mistari myeupe. Hiyo ni sayanotaipu, mbinu ya John Herschel ya mwaka 1842, na kufikia miaka ya 1960 ofisi nyingi za wahandisi zilikuwa zimeshahamia diazo. Mchoraji alichora kwenye karatasi inayopitisha mwanga. Karatasi hiyo ikalazwa juu ya nyingine iliyopakwa chumvi za diazo, zikamulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Palipo wazi chumvi zikaharibiwa; palipokingwa na mstari zikabaki. Kisha mvuke wa amonia ukaziunganisha chumvi zilizobaki na kemikali nyingine, zikawa rangi. Waliofanya kazi kwenye ofisi za upimaji ardhi enzi hizo wanaijua harufu ile, na macho yao pia.

Ubaya wa diazo ni kwamba kemikali zote hubaki ndani ya karatasi. Miaka inavyopita, mandhari inageuka manjano au kahawia, na mwanga unaifuta mistari. Karatasi hizi hutoa pia mvuke unaodhuru picha na karatasi za jirani, kwa hiyo wahifadhi huzitenga, huzilaza bapa kwenye droo zenye giza, na hawazipangi pamoja na sayanotaipu. Iliyochorwa kwa mkono, ile ya kwanza kabisa, mara nyingi haikutoka kiwandani. Kilichobaki duniani ni nakala zilizokwenda na mashine. Makumbusho wakikupa walicho nacho, yaelekea ni ileile uliyoishusha.

Lakini kuna kitu cha maana cha kuomba. Skani nyingi za miaka iliyopita zilifanywa kwa nyeusi na nyeupe tupu: kila nukta ikaamuliwa kuwa wino au karatasi. Kwenye diazo iliyofifia uamuzi huo hula mistari myembamba na kuzaa madoa, na ndivyo C inavyoota mkia ikawa G. Ombeni sehemu mnayoihitaji iskaniwe upya kwa rangi au kwa vivuli vya kijivu, kuanzia nukta 400 kwa inchi. Tajeni namba ya mchoro, herufi ya toleo, namba ya katalogi, na eneo la karatasi lenye shida. Kama mnazungumza na Computer History Museum ya Mountain View, California, mtakuwa mmefika penye chimbuko: mkusanyo wake ulianza kama makumbusho ya DEC yenyewe huko Marlborough mwaka 1979, ukahamia Boston 1984 kabla ya kwenda California. Kabla ya kuandika, pitieni kwanza hazina ya bure ya Bitsavers, ambayo ina seti nyingine za PDP-8. Mtunza kumbukumbu anayepokea swali lililokwishachujwa hulijibu mapema kuliko anayeambiwa "nitumieni yote".

Je, mjenge? PDP-8 ya 1965 nzima, mimi nasema hapana. Ina transista elfu moja na mia kadhaa na diodi zipatazo 10,000, na kila moja ni nafasi ya kiungo kibovu. Kumbukumbu yake ni pete za sumaku, maneno 4,096 ya biti 12, maana yake pete 49,152. Kuisoma pete ni kuifuta, kisha mashine inaandika tena kilichosomwa, yote ndani ya sehemu moja na nusu ya milioni ya sekunde, yaani maikrosekunde 1.5. Ni uhandisi wa kupendeza sana kuusoma na wa kukatisha tamaa kuujenga darasani.

Njia ya pili ni kutumia michoro ya PDP-8/I ya mwaka 1968. Amri za mashine ni zilezile, lakini kadi zake za M zimejengwa kwa chipu za familia ya 7400, zinazolishwa volti 5 chanya, na chipu hizo bado zinapatikana madukani. Mantiki yake wanafunzi wataitambua siku ya kwanza. Hasara ni kwamba watakosa ule uzuri wa kuona transista moja moja ikifanya kazi, ambao nadhani ndio uliokuvuta mwanzo.

Kwa hiyo ningefanya mseto. Akumuleta ya PDP-8, yaani sehemu inayoshika matokeo ya hesabu, ina biti 12, na kwenye mchoro wa BS ni safu 12 zinazokaribia kufanana. Anayeielewa safu moja ameielewa karibu yote. Wanafunzi wajenge lango moja la R kwa transista za pnp za kisasa kwenye bredibodi, wapime −3 na sifuri kwa mkono wao, waone almasi zikigeuka kuwa volti. Kisha wajenge biti mbili au tatu za kijumlishi kwa chipu za 7400 kwa kufuata michoro ya 8/I. Mashine nzima waiendeshe kwenye SIMH, programu ya bure inayoiga PDP-8 kwenye kompyuta ya kawaida, wakiingiza amri kwa namba za mfumo wa nane kama zilivyoingizwa kwa swichi. Wakishaona TAD, amri ya kujumlisha, ikifanya kazi kwenye simulata, warudi kwenye mchoro watafute ishara zinazohusika, jina kwa jina. Hilo peke yake ni kazi ya muhula.

Kuhusu haki, makumbusho kumiliki karatasi hakumaanishi yanamiliki haki za kunakili. Michoro mingi ya DEC ina onyo lililochapwa kwamba isitumike kutengeneza au kuuza bidhaa bila ruhusa ya maandishi, na kampuni yenyewe ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998, kisha ikaingia HP mwaka 2002. Kusoma na kufundishia darasani sioni kama kutawaletea shida, mkitaja mlikoitoa. Mkitaka kuuza vifurushi vya kujengea au kuchapisha michoro kitabuni, ulizeni makumbusho kwa maandishi na mwanasheria wa hakimiliki kabla ya kutumia hata shilingi.

Mwisho ni pale ambapo maandishi yangu hayatoshi. Mkija kupata kadi za zamani, msichomeke kadi ya M kwenye soketi iliyofungwa nyaya za R: pini A ya R ina +10, na chipu za volti 5 zitaungua papo hapo. Kwa majaribio ya mezani tumieni pawa saplai ya maabara yenye kikomo cha mkondo. Mkiletewa pawa saplai halisi ya miaka ya 1960, msiiwashe. Kapasita zake kubwa zinaweza kubaki na chaji, na zilizozeeka zinaweza kupasuka zikipewa umeme wote kwa mpigo. Mwiteni fundi mwenye uzoefu wa vifaa vya umeme mkubwa aikague akiwa hapohapo nanyi. Na mkiletewa karatasi halisi zilizokunjwa au kuviringishwa, msizinyooshe kwa nguvu, msizibandike selotepu, msizianike juani. Ziwekeni gizani kama zilivyo, na mtafuteni mhifadhi wa nyaraka wa hifadhi ya taifa au maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu nanyi azione kwa macho yake kabla hazijaguswa tena.